Mwaka wa Kutafutiana Vyumba

Bi Zuhura alizikwa Jumatano iliyopita huko Mbagala, baada ya sala ya adhuhuri. Wanaume walitoka na jeneza, sisi wanawake tukabaki ndani mkekani, miguu tumeikunja, kanga zimefunika vichwa. Kisha binti mmoja wa ukoo, mjukuu wa kaka yake, akanisogelea. Akaniamkia, akaniuliza kwa heshima, “Samahani mama, wewe ni nani wake?” Nikamjibu kwamba nilipanga naye nyumba moja zamani, Temeke. Akasubiri niendelee, nadhani akitegemea nitataja undugu au ndoa, kwa sababu mtu hatoki Madale mpaka Mbagala, kwa umri wangu na magoti yangu haya, kwa ajili ya mpangaji mwenzake wa miaka thelathini iliyopita. Sikuwa na la kuongeza pale. Nimekuwa nalitafuta tangu siku ile, na nikilitafuta najikuta katika mwaka mmoja tu.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, mpiga chapa katika ofisi moja karibu na bandari. Habari za kwetu Makambako na za safari ya kuja mjini nitaziacha, hazina tofauti kubwa na za wengine. Nilikuwa nalala sebuleni kwa ndugu wa mbali, Kinondoni, na nilishaanza kusikia milango ikifungwa kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, basi nikaanza kutafuta chumba. Siku hizi mpwa wangu anatafuta chumba kwa simu, anaangalia picha za vigae na za bomba la chooni akiwa amejilaza kwenye kochi langu, na akichoka anaiweka pembeni. Sie tulitafuta kwa kupiga hodi. Nyumba ya kwanza mama mwenye nyumba aliniuliza mume wangu yuko wapi. Nikasema sijaolewa. Akasema, bila ukali wowote, “Basi ukiolewa urudi.” Ya pili mzee mmoja alinionyesha chumba kizuri, chenye dirisha la kutazama barabara, lakini mlango wake haukuwa na komeo kwa ndani. Nilipouliza, akasema komeo la nini na yeye yupo. Niliondoka bila kunywa maji niliyokuwa nimeyaomba. Ya tatu walinipenda mpaka nilipotaja jina langu, Anjelina, wakasema ukumbi wao unasomewa Kurani na hawakutaka kuniudhi wala kuudhiwa. Ya nne ilikuwa ya Wakristo wenzangu, nao wakanikataa kwa kuwa sikuwa wa kanisa lao. Mama aliyekuwa akitupikia chai ofisini ndiye aliyenihurumia. Akaniambia, “Nenda Temeke, nyuma ya soko, uliza nyumba ya vitumbua.”

Nyumba ya vitumbua ilijulikana kwa harufu ya iliki kabla hujaiona. Ilikuwa nyumba ya Kiswahili ya kawaida, ukumbi katikati, vyumba vitatu upande mmoja na viwili upande wa pili, uani kuna jiko, bafu, choo na bomba moja. Bi Zuhura, mpika vitumbua mwenyewe, alikuwa ameketi kwenye kibao akisugua kikaango kwa mchanga. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini hivi, mwembamba, mwenye mikono mirefu. Nilimdhani ni mwenye nyumba. Kumbe alikuwa mpangaji kama wengine, isipokuwa alikuwa amekaa pale miaka kumi na tisa, na mwenye nyumba, mzee aliyeishi ng’ambo ya mji, alishamwachia shughuli zote za nani aingie na nani atoke. Nilianza kueleza haraka haraka kwamba sijaolewa lakini nina tabia njema. Akanikatiza. “Sijakuuliza hayo, mwanangu. Ukiamka asubuhi, unaongea au unanyamaza?” Nikasema nanyamaza. “Vizuri,” akasema. “Wa kuongea tunaye.” Kwa ndani sauti ya kiume ikacheka. Huyo ndiye aliyekuwa wa kuongea, fundi Kaijage, mshona nguo kutoka Bukoba, aliyekaa na mkewe Adela chumba cha mbele kulia.

Chumba changu kilikuwa cha nyuma, dirisha likitazama ukuta wa jirani, na chokaa yake ilikuwa ikikushika mgongoni ukiegemea. Nilikipenda kupita kiasi. Nilinunua komeo kabla ya godoro. Nyumba haikuwa na dari na kuta za ndani hazikufika juu, hivyo neno lililosemwa chumba kimoja lilisafiri chini ya mabati likatua vyumba vyote. Nilijua fundi anamdai nani hela ya suruali, nilijua Mzee Athumani, aliyekuwa kuli bandarini mpaka mgongo ulipomshinda, anazungumza na marehemu mkewe kila akitandika kitanda, na nilijua Mama Sada, muuza samaki wa kukaanga, akichoka anaimba kwa pua. Bi Zuhura aliniambia sheria moja tu ya nyumba ile: “Ukisikia, hukusikia.” Leo nyumba yangu ina ukuta wa tofali na geti la chuma, na majirani zangu nawasoma kwenye simu wakilalamikia mbwa. Sisemi zamani ilikuwa bora, maana foleni ya bafu saa kumi na mbili asubuhi sitaitamani tena. Lakini sijawahi tena kujua kwa hakika kama mtu wa upande wa pili wa ukuta amekula.

Mwezi wa Ramadhani ulinikuta pale. Nilijaribu kujipikia ndani kwa siri mchana, kwa adabu. Siku ya pili jioni nikakuta sahani mlangoni, mihogo ya nazi na tambi, imefunikwa kawa. Nikamfuata Bi Zuhura kumwambia kwamba mie sifungi. “Najua hufungi,” akasema. “Kufunga ni kwangu, kula ni kwa wote.” Tulikula mkekani uani, wanawake upande mmoja, Mzee Athumani na fundi upande wa pili, na Sada, mtoto wa miaka minane, akizunguka katikati akichagua sahani yenye tambi nyingi. Sada alikuwa na meno mawili ya mbele makubwa na maswali mengi. Aliniuliza kama kwetu bara watu wana bahari, na kama hawana, wanajuaje kuwa siku ni njema kwenda kuvua.

Ilikuwa Jumamosi moja asubuhi, nikifua, nilipomwona Sada akianguka. Alikuwa amesimama karibu na bomba, akageuza macho, akaenda chini mzima mzima na kuanza kutikisika. Mimi niliruka, nikafungua mdomo kupiga kelele, lakini kelele haikutoka kwa sababu kila mtu mwingine alikuwa ameshaanza kazi. Adela alilisogeza jiko la mkaa. Fundi, yule wa kuongea, alinyamaza kimya na kuziondoa ndoo. Mzee Athumani aliishika saa yake ya mkononi akaitazama. Bi Zuhura alikunja kanga, akaiweka chini ya kichwa, akamgeuza mtoto ubavu, na mkono wake mrefu ukabaki begani mwake. Hakuna aliyemmwagia maji, hakuna aliyemtia kijiko mdomoni. Mama Sada alikuwa soko la feri kununua samaki. Kutikisika kulipokwisha, Mzee Athumani akataja dakika, Bi Zuhura akaitikia, na Adela akaenda kukoroga uji, kwa kuwa Sada akizinduka huwa anataka uji. Ndipo nikaelewa kwamba nyumba ile nzima ilikuwa imejifunza mtoto mmoja.

Mwenye nyumba alifariki miezi michache baadaye. Mwanawe mkubwa akaja Jumapili, kijana mpole, akakaribishwa kiti cha fundi. Alizunguka sana na maneno kabla ya kusema kwamba wamerithi wakiwa watoto tisa, nyumba haigawanyiki, na mfanyabiashara mmoja anaitaka avunje ajenge ghala. Bi Zuhura akamuuliza, “Mwanangu, mmeiuza na sisi ndani au bila sisi?” Kijana akatazama chini. “Bila nyie, mama.” Bi Zuhura akampa pole ya msiba upya, akamwomba miezi miwili, akapewa. Alipoondoka, nilitegemea angalau kilio kimoja. Bi Zuhura aliosha vikombe vya chai, akavipanga, kisha akasema kwamba kuanzia kesho tunatafuta, na kwamba hakuna wa kutafuta peke yake. Akaniteua mimi kutembea naye kwa sababu nilikuwa na miguu ya mlimani, alivyosema.

Kwa hiyo kila nikitoka ofisini saa tisa na nusu, na kila Jumapili baada ya misa, tulitembea. Tandika, Mtoni, Keko, Chang’ombe, Yombo. Mimi nilikuwa nimetafuta chumba kama mtu anayeomba msamaha. Yeye alitafuta kama mtu anayechagua shamba. Alifika nyumba ya watu wakati wa kupika, kwa sababu, alisema, watu hawawezi kujificha mbele ya chungu. Aliomba maji ya kunywa akatazama kikombe kilivyoletwa, na aliyekileta anavyotumwa. Hakuuliza chumba kina ukubwa gani. Aliuliza nani anafagia uani, na wakijibu wote kwa pamoja, kila mmoja akitaja jina tofauti, alinigusa kiwiko tukaaga. Nyumba moja ya Yombo, mpya, yenye umeme, niliitamani mpaka mate yakanijaa. Akasema tuondoke. “Hujaona? Kila mlango una ndoo yake yenye kufuli.”

Mzee Athumani, Bi Zuhura alimpatia chumba Mtoni, hatua chache kutoka msikitini, choo hakina ngazi. Kwa fundi na Adela alipata Tandika, nyumba yenye baraza pana la kuweka cherehani, na mwenye nyumba kiziwi wa sikio moja, jambo ambalo Bi Zuhura alilihesabu kuwa rehema kwa pande zote mbili. Mimi nikapata Keko, chumba kimoja chenye madirisha mawili na mlango wa mninga. Nilipokiona nilitaka kulia. Ningekuwa na chumba kinachopitisha hewa, kwenye nyumba tulivu, bila mtu kunijua. Hilo la mwisho sikumwambia.

Aliyebaki alikuwa Mama Sada. Nyumba sita zilimkataa. Mara zote ilikuwa hivyo hivyo: wanafurahi, wanaonyesha chumba, kisha Bi Zuhura anasema, kwa sauti ileile ya kuulizia bei ya nyanya, “Mtoto ana kifafa. Anaanguka mara mbili tatu kwa mwezi. Hakiambukizi.” Na uso wa mtu unafungwa. Nyumba ya sita mama mmoja alimvuta mwanawe nyuma ya kanga yake, Sada akiwa amesimama pale pale. Njiani nikamwambia Bi Zuhura kwamba tusiseme kwanza, waingie, wazoeleke, halafu itajulikana yenyewe. Akaendelea kutembea. “Nyumba ya kuingia kwa uongo,” akasema, “ni ya kutolewa kwa fujo. Mie nitakuwa sipo. Atatolewa nani?”

Sikumsikiliza. Zilibaki wiki tatu. Ijumaa moja nikaomba ruhusa kazini, nikaenda Chang’ombe peke yangu, kwa mwenye nyumba mmoja karani, nikampangia Mama Sada chumba. Aliniuliza kama mtoto ni mzima. Nikasema ni mzima kabisa. Nilirudi Temeke nikiwa nimevimba kifua, nikamweleza Bi Zuhura mbele ya Mama Sada, na Mama Sada akaninyanyua toka chini kwa furaha. Bi Zuhura akavaa baibui lake. Akaniambia, “Nipeleke.” Nilimpeleka. Alimwamkia yule karani, akamshukuru kwa wema wake, akamwambia yote, pamoja na kwamba binti huyu amedanganya kwa upendo, si kwa ubaya. Yule bwana akasikitika kweli, akasema ana wazee ndani, hawezi. Tukarudi bila chumba. Kwa hasira nilizokuwa nazo nilitembea mbele, sikumngoja. Nilimwambia, mie mtoto niliyeweza kuwa binti yake, kwamba ukweli wake unamlaza Sada nje. Jioni ile Mama Sada hakuimba, na mimi niliyesikia nilifanya kama sikusikia.

Jumapili iliyofuata alinigongea asubuhi. Alikuwa amewavalisha Mama Sada na mtoto, akasema tunakwenda Kinondoni. Kinondoni aliishi Bi Mwajuma, mwenzake wa unyagoni, mwanamke mnene mwenye nyumba yake mwenyewe, na njiani ndipo nilipoambiwa kwamba Bi Mwajuma alikuwa amemwekea Bi Zuhura chumba tangu siku aliposikia nyumba imeuzwa. Ndiyo maana hakuwahi kuonekana na wasiwasi wa kwake. Tulipewa chai na mkate wa mchele. Bi Zuhura akasema kifafa kama kawaida yake, akaongeza, “Chumba ulichoniwekea, nimekuja na watu wake.” Bi Mwajuma akaweka kikombe chini. “Zuhura, chumba ni kimoja.” “Najua.” “Nikimpa huyu, nakukosa wewe.” “Utanikosa kulala. Kuja nitakuja.”

Bi Mwajuma akamgeukia mtoto. Akamuuliza mwenyewe, “We binti, ukianguka unaumia?” Sada akafikiri. “Sijui,” akasema. “Mie nakuwaga sipo. Nikirudi ndo nakuta watu.” Yule mama akageuza uso akajifuta kwa ncha ya kanga. Akasema anaogopa, hawezi kusema haogopi, na wapangaji wake nao wataogopa. Bi Zuhura akasema hofu haina ubaya ikifundishwa kazi. Akaomba wapangaji wote waitwe uani, wakaja kama kumi, wengine bado na miswaki. Akatandika mkeka. Kisha akaniambia nilale.

Nililala. Nilikuwa na sketi yangu ya kanisani. Bi Zuhura akawaonyesha namna ya kuondoa vitu vya karibu, namna ya kukunja kanga, namna ya kunigeuza ubavu, kutazama saa, na kusubiri tu. Akawaita mmoja mmoja waje wanigeuze. Dereva mmoja wa lori alinigeuza kwa woga kama mtu anayegeuza yai. Mama mmoja mzee alinigeuza akaanza kunisomea dua, Bi Zuhura akamwambia dua ni nzuri, aisome akiwa ameshika bega. Watu wakaanza kucheka, mimi mwenyewe nikacheka huku nimelala mkekani, na Sada alisimama juu yangu akiwasahihisha: “Mkono wake si hivyo.” Nilipokuwa pale chini, mara ya saba au ya nane, nikamtazama Bi Zuhura kutoka chini na hasira yangu ya Chang’ombe ikaniisha. Nimeketi tangu wakati huo mbele ya wakubwa wengi, wenye magari na walinzi. Sijamwona hata mmoja aliyetoa chumba chake kama vile ameombwa chumvi.

Siku ya kuhama, mkokoteni ulipeleka vya Mzee Athumani kwanza, kisha vya fundi, kisha vya Mama Sada, kisha vyangu. Bi Zuhura alifagia kila chumba baada ya mwenye chumba kutoka. Mwisho akabaki ukumbini na sanduku la bati, godoro lililofungwa kamba, kikaango na kibao chake. Nilimuuliza anakwenda wapi. Akasema ana ndugu Rufiji, atapumzika kidogo. Ndugu hao hakuwahi kuwataja kwa mwaka mzima. Nasema sasa kile nisichomwambia binti yule msibani: kwamba nilisimama pale nikapima. Nilikifikiria chumba changu cha madirisha mawili, na ule ukimya wangu ambao nilikuwa sijaulala hata siku moja. Nilichelewa kusema kiasi cha yeye kuona kwamba nachelewa. Halafu nikasema, “Kitanda changu kinatosha wawili, mama.” Akanitazama. “Usiseme kwa haya, Anje.” Nikasema sina haya, nina chumba. Akakubali kwa kunipa kikaango nikibebe.

Alikaa nami Keko miezi mitano. Alikoroma, alisali alfajiri kwa sauti ya chini, nguo zangu za ofisini zilinukia iliki, na kwa mwezi wa kwanza nilikuwa nikimhesabia kila kikombe alichokisogeza. Kisha nikaacha, sikumbuki siku gani. Ijumaa moja Bi Mwajuma alifika akihema, na viatu vyake mkononi, kutuambia kwamba Sada ameanguka jana karibu na jiko, na yule dereva wa lori ndiye aliyekuwapo, na amefanya kila kitu, na saa akaitazama. Alitaka atuambie mwenyewe. Bi Zuhura alimsikiliza mpaka mwisho, akamkaribisha kitumbua, kisha akaingia chumbani, akakaa kitandani, akalia. Ndiyo mara pekee niliyomwona akilia. Sada ni mama wa watoto wawili sasa, anashona mapazia, na dawa zimemtuliza kwa miaka mingi.

Bi Zuhura alipata chumba Mbagala mwanzoni mwa masika, alichokichagua kwa namna yake, baada ya kukataa vinne. Nilimsindikiza na sanduku, nikarudi Keko saa kumi na mbili jioni. Nikafunga mlango wa mninga. Chumba kilikuwa changu, kipana, kimya kama nilivyokitaka. Nilipika wali kidogo kwa ndani, nikapakua, nikakaa. Ng’ambo ya ukuta mwanamke alikuwa akikohoa, kikohozi kikavu, cha siku nyingi. Bi Zuhura alikuwa akimjua. Alimpelekea tangawizi. Mimi nilikuwa nimeishi naye ukuta mmoja karibu nusu mwaka na sikujua hata anaitwa nani. Niliufunika wali kwa sahani, nikaubeba, nikatoka ukumbini, nikapiga hodi. Alifungua kidogo, akanitazama kwa mshangao. Nikamwambia naitwa Anjelina, ni jirani yake. Akafungua mlango wote. “Mie naitwa Rehema,” akasema. “Karibu, pita ndani.”